Bangili ya mazoezi au saa janja ya bei mbaya: Ipi inakufaa?

Ukipita Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, utazikuta kwenye kabati moja la kioo. Huku bangili nyembamba ya mazoezi, kule saa janja inayong'aa kama simu ndogo. Muuzaji atakwambia zote zinahesabu hatua na kupima mapigo ya moyo, na hajakudanganya. Sasa kwa nini moja iuzwe mara nane au tisa ya nyingine?

Tuchukue mfano. Xiaomi Smart Band 9 iliingia sokoni mwaka 2024 na Ulaya iliuzwa kwa euro 40 hivi. Mwaka huohuo Apple Watch Series 10 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 399. Kabla hujatoa hela, fahamu haya.

Kazi za msingi zinafanana

Ndani ya zote mbili kuna kihisio cha mwendo kinachotambua mkono unavyocheza ukitembea. Hapo ndipo hatua zinapohesabiwa. Kwa chini kuna taa za kijani. Damu hunyonya mwanga huo, na kila moyo unapopiga, damu inayopita mkononi huongezeka kidogo. Kifaa husoma mabadiliko hayo na kukupa idadi ya mapigo kwa dakika.

Kama lengo lako ni kujua umetembea kiasi gani, umelala saa ngapi na moyo unaendaje, bangili inatosha.

Chaji

Hapa bangili inashinda waziwazi. Xiaomi wanasema Smart Band 9 inakaa hadi siku 21. Apple wanaitaja Series 10 kwa saa 18 za matumizi ya kawaida, yaani karibu kila siku utaitafuta chaja. Kwa anayeishi mtaa ambao umeme unakatika mara kwa mara, hilo si jambo dogo.

Unalipia nini kwenye saa ya bei kubwa?

Cha kwanza ni GPS ya ndani. Unaweza kukimbia na kuacha simu nyumbani, saa ikarekodi njia na umbali. Smart Band 9 ya kawaida haina, inategemea GPS ya simu.

Cha pili ni kipimo cha ECG, ambacho Apple walikileta kwenye saa zao mwaka 2018. Kinaweza kuonyesha dalili za aina fulani ya mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, hali inayoongeza hatari ya kiharusi. Ila hakigundui shambulio la moyo. Ukisikia maumivu ya kifua, nenda hospitali, usisubiri saa ikwambie. Pia uliza kama huduma hiyo imefunguliwa kwa nchi yako, maana si kila mahali inafanya kazi.

Cha tatu ni kupokea simu, kujibu meseji na kuweka programu mbalimbali.

Angalia simu yako kwanza

Apple Watch inahitaji iPhone. Galaxy Watch za Samsung, kuanzia Watch4 ya mwaka 2021, zinahitaji simu ya Android. Wapo wanaonunua saa kwanza na kugundua hili wakiwa wameshafika nyumbani. Bangili nyingi hazina ubaguzi huo, zinakubali kotekote.

Bei kubwa haimaanishi namba zote ni sahihi

Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya mkononi, Apple Watch ikiwemo. Sita vilisoma mapigo ya moyo kwa makosa yasiyozidi asilimia 5. Kwenye kalori, vyote vilifeli: hata kilichofanya vizuri kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Kwa hiyo usiongeze sahani ya chipsi kisa saa imesema umechoma kalori 600.

Kuvaa nako kuna mchango. Kaza mkanda kiasi, juu kidogo ya mfupa wa kiwiko cha mkono. Tatuu iliyo chini ya kihisio inaweza kuvuruga usomaji.

Kaa mbali na hizi

Sokoni zipo saa zinazodaiwa kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Februari 2024, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya kupima sukari kwa njia hiyo. Mgonjwa wa kisukari akiamini namba hiyo na kujidunga insulini kupita kiasi, anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache. Hapo hasara si ya hela tena.

Uamuzi

Chukua bangili kama ndiyo unaanza mazoezi, bajeti imebana au hutaki usumbufu wa chaji.

Chukua saa janja kama unakimbia bila simu, unahitaji kupokea simu mkononi, au daktari amekushauri ufuatilie moyo na ECG inafanya kazi ulipo.

Bado unasita? Anza na bangili. Ukiivaa miezi mitatu bila kuichoka, utakuwa unajua hasa unachokikosa, na hapo ndipo pa kuongeza hela. Ikiishia kwenye droo, angalau hukupoteza nyingi.