Kuanguka kwa Kaisari wa Wadachi, na Mpaka wa Bugufi

Hapo zamani watu wa Biharamulo na Ngara waliuza ng'ombe na ngozi wakalipwa rupia yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, amevaa chapeo yenye tai juu yake. Boma la Wadachi pale Biharamulo lilijengwa kwa jina lake. Mwaka 1918 raia zake mwenyewe walimwondoa katika kiti chake. Twapenda kueleza sababu za jambo hilo, na matokeo yake, hata katika vilima vyetu.

Sababu ya kwanza ni namna ya enzi yenyewe. Wilhelm alipotawala tangu mwaka 1888, palikuwa na Baraza lililochaguliwa na wanaume wa nchi. Lakini waziri mkuu aliwekwa na kuondolewa na Kaisari, wala si na Baraza. Tena katika Prussia, dola kubwa kupita zote za Udachi, kura ya tajiri ilikuwa nzito kuliko kura ya maskini, kwa kadiri ya kodi aliyolipa.

Sababu ya pili ni njaa. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliziba njia za bahari, vyakula visiingie Udachi. Katika baridi ya mwaka 1916 kuingia 1917 viazi vilikosekana, na watu wa mijini wakala mizizi iliyokuwa chakula cha mifugo. Mama aliyepanga mstari tangu alfajiri kungojea mkate alianza kuuliza: Vita hii ni ya nani?

Sababu ya tatu ndiyo iliyovunja mtungi. Watu waliambiwa siku zote kwamba ushindi u karibu. Mwisho wa Septemba 1918 majemadari wakamwambia Kaisari kwamba vita imeshindwa. Hata hivyo, mwisho wa Oktoba wakuu wa manowari waliamuru merikebu zitoke kupigana mara ya mwisho. Mabaharia wakakataa kufa bure. Wengine walifungwa, na wenzao wakainuka katika mji wa Kiel siku za kwanza za Novemba. Moto ule ukaenea mji hata mji. Tarehe 9 Novemba ilitangazwa Berlin kwamba Kaisari amejiuzulu. Kesho yake alikimbilia Uholanzi, akakaa huko hata alipokufa mwaka 1941. Wafalme wadogo wa Udachi nao wakaondoka mwezi ule ule. Ngoma ivumayo haidumu.

Je, matokeo? Kwao Wadachi, tarehe 19 Januari 1919 watu wote wazima walipiga kura, na wanawake kwa mara ya kwanza. Lakini jamhuri ile ilizaliwa siku za kushindwa, na waliomchukia mtoto walimlaumu kwa makosa ya baba yake. Walieneza uongo kwamba jeshi lilisalitiwa na raia. Mwaka 1933 Hitler alishika madaraka, na uhuru ule ukazimwa.

Kwetu huku, Wabelji walikuwa wamekwisha kuitwaa Biharamulo mwezi Juni 1916. Jemadari von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya mapatano ya Ulaya. Si mapinduzi yaliyowanyang'anya Wadachi nchi hii, ni kushindwa vita. Lakini mambo haya mawili yalikuja pamoja kama pacha.

Basi tazameni tofauti. Mwezi Januari 1919 mwanamke maskini wa Berlin aliulizwa nchi yake itawaliwe namna gani. Mwezi Mei mwaka ule ule mabwana wawili, Milner kwa Waingereza na Orts kwa Wabelji, walipatana juu ya nchi zetu: Ruanda na Urundi kwa Wabelji, zilizobaki kwa Waingereza. Bugufi, iliyokuwa ya Mwami wa Urundi, ikaachwa upande wa Waingereza. Hakuna Mhangaza aliyeulizwa. Gisaka, iliyokatwa katika Ruanda, ilirudishwa baada ya malalamiko, Bugufi haikurudishwa. Ndugu waliofahamiana lugha wakawa watu wa serikali mbili.

Mstari ule haukufutika. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, na Rwanda na Burundi mwaka 1962, kila nchi ilirithi mpaka wake. Mwaka 1994, watu wengi sana walipovuka daraja la Rusumo kuja Ngara wakikimbia vita, mstari huo ndio uliowafanya kuwa wakimbizi.

Twajifunza ya kwamba kiti cha enzi huanguka wenye kutawala wanapoacha kusema kweli kwa wenye njaa. Tena twajifunza ya kwamba kumwondoa mfalme hakutoshi. Rupia ya Kaisari ilikwisha, ikaja shilingi yenye sura ya mfalme mwingine. Na mtu wa Bugufi alingoja miaka mingi kabla ya kuulizwa neno lolote.