Oli, mtaa wa biashara wa Arua
Oli ni upande wa mji wa Arua, Uganda, wenye misikiti, maduka na pilikapilika za biashara. Mji ulianza mwaka 1914, eneo la West Nile lilipohamishwa kutoka Sudan kwenda Uganda na Waingereza wakaweka hapo makao ya wilaya. Maofisa walikaa Arua Hill. Oli ikawa makazi ya Wanubi, wengi wao wa uzao wa askari, na Waislamu wengine. Kinubi na Kiswahili vilitawala biashara, kama ilivyo katika mji wa Koboko, ulio karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini. Vita vya 1979 na 1980 viliwakimbiza wakazi wa Oli ng'ambo ya mpaka. Waliporudi walifungua biashara upya: vitenge kutoka Kongo na mafungu ya samaki wakavu. Mwaka 2020 Arua ikawa jiji.