Jina la Kanga

Historia ya ushairi wetu huanzia Pate na Lamu, ikapita Mombasa kwa Muyaka, ikatua Tanga kwa Shaaban Robert. Mara chache huingia katika duka la nguo. Hata hivyo, mashairi yaliyosomwa na watu wengi zaidi huenda ndiyo yaliyovaliwa kiunoni.

Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Mwishoni mwa karne ya 19 ilienea Unguja na Mombasa. Utumwa ulipokomeshwa Unguja kwa amri ya mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivishwa kaniki waliipokea iwe alama ya uungwana wao. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa kuanza kuitia maneno mwanzoni mwa karne ya 20. Kwanza kwa hati ya Kiarabu, baadaye kwa ya Kirumi.

Maneno hayo yalitoka uswahilini: barazani, jikoni, ngomani, na katika vijembe vya wake wenza. Tazama hili: “Japo sipati tamaa sikati.” Ni vipande viwili, mizani 5 na mizani 6, na vyote vina kina cha -ati. Msemo wa uani umepangwa kishairi, kisha umewekwa chini ya maua ili usomwe kwa jicho. Mvaaji hatamki neno. Jirani ameshapata habari yake.

Kanga haikubaki pwani. Zilizokuwa zikichapwa Uholanzi, India na Japani zikawa zinachapwa pia Dar es Salaam, katika kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa mwaka 1968. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Ifakara. Katika bonde la Kilombero, kwa Wandamba na Wapogoro, fumbo la mtaa wa pwani huonekana shambani kwenye mpunga, juu ya mgongo uliobeba mtoto, na husomeka vilevile.

Lakini juu ya nguo huchapwa alama ya mwenye mali, mtunzi hatajwi. Kanga mpya huvaliwa harusini, ikachuja ikawa mbeleko, ikachakaa ikawa tambara la kushikia sufuria, na shairi likaondoka nayo. Wanaoziweka sandukuni kanga za mabibi zao wanahifadhi diwani isiyo na nakala nyingine.