Mwanafunzi Aliyesikiliza Waya

Desemba 1991, jijini Canberra, Andrew Tridgell alikuwa akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Mezani alikuwa na kompyuta ya DOS, na mafaili aliyoyahitaji yalikuwa kwenye mashine ya Unix. Programu ya mtandao aliyokuwa akiijaribu, Pathworks ya kampuni ya Digital, ilizoea kuongea na seva za Digital. Mashine yake ya Unix haikujua hata namna ya kuitika.

Kanuni za mazungumzo hayo hakuwa nazo. Akafanya afanyavyo mgeni aliyefika katika mji ambao haijui lugha yake: akatega sikio. Alinasa pakiti zilizopita kwenye waya, akatazama swali gani linaleta jibu gani, na kwa siku chache akaandika seva yake mwenyewe. Miaka ya baadaye aliieleza njia hiyo kwa mfano wa mkahawa wa Kifaransa: keti, sikiliza wateja wanavyoagiza, tazama kinacholetwa mezani, na polepole utajua neno lipi ni la chakula gani.

Januari 1992 aliitoa programu hiyo bure. Ndipo ikagundulika kwamba lugha aliyojifunza, iitwayo SMB, iliyoanzia IBM, ndiyo pia waliyoitumia Microsoft. Alichokitengenezea chumba kimoja kikawa daraja kati ya Windows na Unix, na baadaye Linux. Jina la awali lilikuwa na mwenyewe, kampuni nyingine, hivyo mwaka 1994 Tridgell aliiagiza kompyuta ipekue kamusi na kutafuta neno lenye herufi s, m na b kwa mpangilio huo. Likapatikana Samba. Sikio la Mswahili husikia humo mwanzo wa neno sambaza. Ni sadfa tu, lakini naipenda.

Kwa watu wa nakala rudufu, bakapu kama tunavyosema maofisini, daraja hilo lilikuwa ukombozi. Samba ilikuja na chombo kiitwacho smbclient, kilichoweza kuchukua folda nzima ya Windows, kuifungasha kuwa furushi moja la tar na kuihifadhi kwenye kanda ya sumaku ya mashine ya Unix. Mwenye kompyuta ya Windows hakulazimika kununua kanda yake.

Lakini kunakili kila kitu upya kila usiku kwenye laini dhaifu ni adhabu. Chukua ripoti ya kurasa 200 iliyoongezwa aya moja katikati: kwa nini kurasa zote zisafiri tena? Juni 1996, Tridgell na Paul Mackerras walitangaza programu ya rsync. Upande wenye nakala ya zamani huikata faili vipande, na kila kipande hupewa namba fupi ya kukitambulisha. Namba hizo ndizo zinazotumwa. Ugumu ni kwamba herufi moja ikiongezwa mwanzoni, vipande vyote husogea na kulinganisha kwa nafasi hakufai kitu. Hapo ndipo ninapouona ustadi wao: upande wenye faili mpya hupitisha dirisha juu yake baiti moja baada ya nyingine, ukiitoa kwenye hesabu ile inayotoka na kuijumlisha ile inayoingia, bila kuanza hesabu upya. Namba ikilingana, hukaguliwa kwa namba ndefu zaidi. Kinachosafiri ni vile vipande ambavyo upande wa pili hauna. Mwaka 1999 Tridgell aliiweka kazi hiyo kwenye tasnifu yake ya uzamivu.

Muda wote huo timu ya Samba, akiwemo Jeremy Allison, iliendelea kutega sikio, maana kila toleo jipya la Windows lilikuja na maneno mapya. Mwaka 2004 Kamisheni ya Ulaya iliiamuru Microsoft itoe kanuni za lugha hiyo kwa washindani wake. Kampuni ikakata rufaa, na watu wa Samba wakasimama mahakamani upande wa Kamisheni. Septemba 17, 2007, amri hiyo ikathibitishwa.

Nyaraka za kanuni hizo zilipatikana kwa mkataba uliotangazwa Desemba 20, 2007, kwa malipo ya mara moja ya yuro 10,000. Ilikuwa Desemba tena, miaka 16 tangu Tridgell alipoanza kusikiliza.