Masomo ya Bure na Mtu wa Kujibu

Tangu nilipostaafu nimejizoesha kusoma, usiku baada ya chakula, kozi fupi za utangulizi zinazotolewa bure katika intaneti. Nimepitia za jiolojia, za falsafa na za historia ya sanaa, na sikulipa ada yoyote isipokuwa gharama ya kuingia mtandaoni. Vijana wa nyumbani huona kwamba jambo hili ni la zama zao, limezaliwa pamoja na simu zao. Mimi naliona ni mtoto wa ukoo mrefu. Na anayeujua ukoo huo ataelewa kwa nini masomo haya huanzwa na wengi, yakamalizwa na wachache.

Twaweza kuanza kuuhesabu mwaka 1840, pale Uingereza ilipoweka gharama moja ya posta kwa nchi nzima, peni moja kwa barua ndogo. Mwalimu mmoja wa mji wa Bath, Isaac Pitman, aliitumia nafasi hiyo kufundisha hatimkato kwa njia ya posta. Wanafunzi waliandika mafungu ya Biblia kwa hati hiyo mpya, wakamrudishia, naye akasahihisha. Masomo yenyewe yangeweza kuchapishwa na mtu yeyote mwenye mashine. Jambo kubwa lilikuwa ile kalamu ya kusahihisha, kwa maana mwanafunzi aliye mbali alijua kwamba yuko mtu anayeingojea kazi yake.

Miaka zaidi ya mia ilipita. Mwaka 1963 Harold Wilson, aliyekuwa bado upande wa upinzani, alieleza mjini Glasgow wazo la chuo kikuu cha hewani. Alipokuwa Waziri Mkuu kazi hiyo ilisimamiwa na Jennie Lee, na mwaka 1969 Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kikapata hati yake. Januari 1971 kilianza kufundisha wanafunzi zaidi ya 20,000, bila kudai vyeti vya sekondari. Masomo yalitangazwa na BBC, hivyo hata jirani ambaye hakujiandikisha aliweza kuketi akatazama hesabu au fizikia. Lakini mwanafunzi aliyejiandikisha alikuwa na kitu ambacho jirani hakuwa nacho, yaani mwalimu wa kupokea kazi zake, kuzisahihisha na kumwandikia maoni.

Matangazo hayo yalikoma Desemba 2006. Miezi miwili kabla yake, chuo hicho kilikuwa kimefungua OpenLearn, mahali pa kozi za bure katika mtandao: historia, sayansi, lugha, sheria, afya na kadhalika. Anayemaliza kozi hupewa cheti cha ushiriki bila malipo. Huo ni ukarimu mkubwa. Hata hivyo, katika masomo hayo ya bure mwalimu wa kusahihisha hayumo. Mlango umefunguliwa kwa wote, lakini wote wamewekwa mahali pa yule jirani.

Marekani nako mambo yalikwenda kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 2001 chuo cha MIT kilitangaza kwamba kitaweka wazi vifaa vya kufundishia vya karibu kozi zake zote. Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua kwa watu wote somo lao la akili bandia la Chuo Kikuu cha Stanford. Wakajiandikisha watu wapatao 160,000, na waliofika mwisho walikuwa zaidi kidogo ya 20,000. Baadaye Harvard na MIT walitoa hesabu ya kozi zao 17 za mwanzo: majina yaliyoandikishwa 841,687, vyeti vilivyotolewa 43,196. Ni kama watano katika kila mia.

Ni kweli kwamba si kila aliyejiandikisha alitaka cheti. Wengine huingia kama tuingiavyo maktaba, kusoma sura moja na kutoka. Linalonisumbua zaidi ni jambo la pili. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwauliza wanafunzi wa kozi za namna hii zilizotolewa na chuo chao, wakaona kwamba zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa tayari na elimu ya chuo. Maji yaliyochotwa kwa ajili ya wenye kiu yalinywewa zaidi na waliokwisha kunywa.

Hapa kwetu Tanzania tuliwahi kuona mpango mwingine. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, kwa redio, vitabu vidogo na vikundi. Watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki, wakiwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliofundishwa mapema. Nilikuwa mtoto wa shule, na nilikaa pembeni nikiwasikiliza wakubwa. Redio ilisema kwa dakika chache tu. Baada ya hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, juu ya malaria, maji na vyoo, na kila mtu aliulizwa atafanya nini nyumbani kwake. Aliyekosa kuja aliulizwa njiani, "Mbona juzi hatukukuona?" Naamini swali hilo lilifundisha kama redio yenyewe.

Mpwa wangu alimaliza kidato cha nne asipate nafasi ya kuendelea. Simu anayo, na kozi za vyuo vikubwa ziko wazi kwake mchana na usiku. Lakini nyingi ni za Kiingereza kigumu, na akikwama ukurasa wa tatu hakuna atakayejua. Kumwambia "jisomee, ni bure" ni kumwonyesha mlango na kumwacha kizingitini.

Kwa hiyo tumepatana, mimi, yeye na jirani yetu fundi cherehani. Kila Jumamosi jioni tunasoma sehemu moja ya kozi ya utangulizi wa biolojia, kila mmoja akiwa ameipitia nyumbani. Tukikwama neno tunalitafuta pamoja, na majibu ya maswali tunasahihishana kwa kalamu nyekundu. Juma lililopita tulifika kwenye seli na sehemu zake. Fundi hakuja, alikuwa na nguo za harusi za kumalizia. Jumapili asubuhi mpwa wangu alipita dukani kwake kumuuliza.