Hifadhi ya kalisi ndani ya seli

Hifadhi ya kalisi ni akiba ya ayoni za kalisi ambayo seli huiweka ndani ya viwambo vyake, hasa katika mtandao wa mirija na vifuko uitwao retikulamu endoplazimu. Katika misuli mtandao huo una umbo la pekee na huitwa retikulamu sakoplazimu. Akiba hii hutumika kila moyo unapodunda, mkono unapokunjwa au tezi inapotoa mate.

Katika majimaji yanayoizunguka seli, kalisi huru hufikia kama milimoli 1.2 kwa lita. Ndani ya saitoplazimu ya seli iliyotulia kuna kama nanomoli 100 tu, yaani pungufu mara 10,000 hivi. Seli haina hiari katika jambo hili: kalisi ikizidi huungana na fosfeti na kuganda kama chokaa, na nishati ya seli yote hupita katika fosfeti. Kwa hiyo huifukuza kalisi usiku na mchana. Ila palipo kimya kiasi hicho hata mnong'ono husikika, na ndiyo maana ongezeko dogo la kalisi likatosha kuwa amri.

Ghala hujazwa na pampu iliyopachikwa katika kiwambo cha retikulamu, ijulikanayo kwa kifupi SERCA. Kwa kila molekuli ya ATP, kibeba nishati cha seli, inayovunjwa, pampu huvusha ayoni mbili. Wilhelm Hasselbach na Madoka Makinose waliielezea huko Heidelberg mwaka 1961, na mwaka 2000 Chikashi Toyoshima na wenzake wa Japani walionyesha umbo lake kwa undani. Zikishaingia, ayoni haziachwi zielee. Katika misuli hushikwa na protini ya kalisekwestrini, ambayo molekuli yake moja hubeba ayoni 40 au zaidi, tena kwa mshiko mlegevu ili ziachiwe upesi. Seli nyingine hutumia kalretikulini.

Pampu ya moyo ina breki yake: fosfolambani, protini fupi yenye amino asidi 52, ambayo huikalia na kuipunguza kasi. Mtu akishtuka au akikimbilia daladala, adrenalini husababisha fosfeti ibandikwe kwenye fosfolambani, breki ikaachia na ghala likajaa haraka. Ni kosa la kawaida kudhani kwamba adrenalini hukaza moyo tu. Huuharakisha kulegea pia, maana moyo usiolegea upesi haupati wasaa wa kujaa damu.

Milango ya kutolea akiba ni miwili. Wa kwanza hufunguliwa na inositoli trifosfeti, kemikali ndogo ambayo kazi yake ilionyeshwa mwaka 1983 katika seli za kongosho na kundi la watafiti akiwemo Michael Berridge. Wa pili ni kipokezi cha rayanodini, kilichopewa jina kutokana na sumu ya mmea wa Amerika ya Kusini. Katika moyo mlango huu hufunguliwa na kalisi yenyewe: ayoni chache zikiingia kutoka nje, nyingi humwagika kutoka ndani. Wapo watu waliorithi kasoro katika kipokezi hicho cha misuli ya mifupa. Wakipewa halotheni ili walale kwa ajili ya upasuaji, ghala hufunguka lisifungike, misuli hukakamaa na joto la mwili hupanda kwa hatari. Dawa yao ni dantrolini, inayouziba mlango huo.

Lililowasumbua wataalamu zaidi ni hili: ghala likipungua, lango la kalisi katika kiwambo cha nje cha seli hupataje habari? Mwaka 1986 James Putney alipendekeza kwamba upungufu wenyewe ndio unaofungua njia ya kuingizia kalisi mpya. Kwa karibu miaka 20 ilitafutwa kemikali inayopeleka habari hiyo. Mwaka 2005 ikaonekana kwamba mpelelezi na mjumbe ni mmoja, protini ya STIM1, iliyokipenya kiwambo cha retikulamu huku ncha yake ya ndani ikiwa imeshika kalisi. Akiba ikishuka, ncha hiyo huachia kalisi yake. Hapo molekuli za STIM1 hukusanyika pale retikulamu inapokaribiana na kiwambo cha nje, kwa umbali mdogo mno, zikaigusa chaneli ya Orai1 na kuifungua. Orai ni jina la walinzi wa milango ya mbingu katika ngano za Wagiriki. Chaneli hiyo ilitambuliwa mwaka 2006, kwa sehemu kupitia watoto waliozaliwa na kinga dhaifu mno. Ghala la seli zao za kinga liliweza kujaa na kutoa akiba yake, lakini lango la nje halikuitikia, na bila kalisi ya nje seli hizo hazikuamka kupambana na maradhi.

Ghala laweza pia kujaa kupita kiasi, na wawindaji wa Afrika ya Mashariki walilitumia jambo hilo kabla halijapata jina. Wawaata wa nyika ya Kenya walipaka mishale yao utomvu uliochemshwa wa mti wa msunguti, wakaangusha hata tembo. Sumu iliyomo, wabaini, ilitengwa na mkemia Mfaransa Albert Arnaud mwaka 1888. Huzuia pampu inayotoa sodiamu nje ya seli, iliyo katika kiwambo cha nje. Sodiamu ikirundikana ndani ya seli, kibadilishaji kinachotoa kalisi kwa kuingiza sodiamu hulegea. Kalisi iliyobaki huvutwa na SERCA hadi retikulamu ifurike, kisha ianze kuvuja kati ya pigo na pigo. Moyo hukaza kwa nguvu, ukapoteza mwendo, ukasimama. Digoksini ya hospitalini hufuata njia ileile, kwa kipimo kidogo mno.