Lafudhi ya watoto wa bweni

Mwaka 1917, Daniel Jones, mwalimu wa fonetiki mjini London, alitoa kamusi isiyoeleza maana ya neno hata moja. Ilionyesha tu namna maneno ya Kiingereza yanavyotamkwa. Yanavyotamkwa na nani? Jones hakuficha: ni na familia za kusini mwa Uingereza ambazo wanaume wao walisomeshwa katika shule kubwa za bweni za kulipia. Yeye mwenyewe, mtoto wa wakili, alikuwa mtu wa tabaka hilo hilo.

Alishikilia kwamba anaeleza tu, haamrishi. Lakini mwalimu wa ng'ambo alitaka kitu cha kushika darasani, na kilichokuwa kimeandikwa kikamilifu ni hicho. Katika toleo la 1926 Jones aliyaita matamshi hayo Received Pronunciation, yaani matamshi yanayokubalika, kwa kifupi RP. Mwaka huo huo BBC iliunda kamati ya kuwashauri watangazaji wake juu ya matamshi, chini ya mshairi Robert Bridges. Jones alikuwamo, na mwandishi wa tamthilia Bernard Shaw pia. Maelezo yakageuka sheria bila mtu kuitunga.

Waingereza wenyewe walishaizoea lafudhi hiyo redioni. Wilfred Pickles wa Yorkshire alipoletwa kusoma habari BBC mwaka 1941 kwa lafudhi ya kwao, wasikilizaji walilalamika, hata wale waliosema kama yeye. Mnamo 1974 mwanaisimu Peter Trudgill alikadiria kuwa wenye RP ni kama asilimia 3 tu ya Waingereza. Yaani mwanafunzi wa ugenini alikuwa akidaiwa lafudhi ambayo dereva wa basi wa London hana.

Mwaka 2000 mwanaisimu Jennifer Jenkins aliuliza swali jingine: wageni wawili wanapozungumza Kiingereza, ni kosa gani hasa huwafanya wasielewane? Urefu wa irabu na mkazo wa sentensi aliona ni vya lazima. Sauti za th na dh, zilizowatesa wanafunzi miaka nenda rudi, akaziondoa katika orodha ya lazima. (Mswahili wa pwani, anayezitamka tangu utotoni, hapo hakupata nafuu yoyote.) Walimu wengi walimpinga, wakidai anashusha kiwango. Mimi naona alikiweka mahali pa haki zaidi.

Mwaka 2018 Baraza la Ulaya nalo lilirekebisha vipimo vyake vya matamshi kwa wanaojifunza lugha, likatanguliza kueleweka badala ya kufanana na mzawa. Kamusi ya Jones haikufa kwa hayo: toleo la 18 lilitoka 2011, na ndani yake matamshi ya Kimarekani yamewekwa ubavuni mwa yale ya Uingereza.